Mshika Kamba wa Laptop Arobaini

Ulimwona. Usiniambie ulikuwa na haraka. Ulipita Nyangoto umekaa nyuma ya pikapu iliyojaa viroba vya mawe, ukamwona binti wa sketi ya bluu amekaa juu ya jiwe kando ya barabara, laptop ya shule iko magotini, kitenge kimefunika kichwa chake na kioo chote ili jua lisimzuie kusoma. Ulisema nini? "Watoto wa siku hizi na mitandao yao." Kisha ukageuza uso, ukaendelea na habari za dhahabu. Na siku walipotaka kumfukuza shule binti huyohuyo, ulisikia pia. Ukasema hayo ni mambo ya walimu.

Basi leo utasikiliza mpaka mwisho, maana mimi nilikuwapo, na mimi sisahau.

Binti anaitwa Bhoke, wa mzee Wangwe, kidato cha tatu. Laptop yake ni namba kumi na saba kati ya arobaini. Lakini mtu ninayetaka umjue ni mwalimu wake, Selestina Akech, Mjaluo wa Nyamisangura pale Tarime mjini, mwembamba, sauti ndogo. Ukimwona sokoni utadhani amekuja kuuliza bei ya dagaa akarudi bila kununua.

Laptop zililetwa na mradi wa wafadhili mwaka uleule rashi ya dhahabu ilipolipuka kwenye kilima nyuma ya shule. Unajua rashi inavyolipuka: mtu mmoja anaokota jiwe lenye macho ya dhahabu, anamnong'oneza shemeji yake, na kesho yake kuna watu elfu mbili, sururu, mama lishe na mahubiri ya spika. Wakati huo kila mtu alikuwa anatazama kilima. Lori la laptop liliingia shuleni hakuna hata aliyepiga vigelegele.

Mimi nakumbuka zawadi. Mwaka 2003 tuliletewa darubini sita. Zikafungiwa stoo, watoto wasije wakazivunja. Mwaka 2011 vikaja vyerehani vinane vya wasichana. Stoo, visije vikaibiwa. Nilipoingia stoo hiyo miaka mitatu baadaye kufunga betri za sola, nilikuta panya wamezalia ndani ya boksi la darubini, na lenzi moja wameifanya mto wa watoto wao. Kwa hiyo mkuu wa shule, Mwalimu Method, aliposema laptop zihifadhiwe kwanza stoo, nilijua hadithi hiyo inaishia wapi.

"Mkuu," Selestina akasema, "kitu cha kusomea kikikaa stoo kinamsomesha panya."

"Na zikipotea?"

"Zikipotea niandikie mimi."

Akazigawa, watoto waende nazo nyumbani. Kila laptop ilikuwa na laini yake na bando la mradi. Watu wa mradi walikuwa wamefunga mtandao wote isipokuwa kurasa kumi na mbili walizozichagua wao. Ukitafuta habari za mifupa ya binadamu, imefungwa. Ukitafuta habari za zebaki, hiyo ambayo vijana wetu wanaishika kwa mikono mitupu wakikamatia dhahabu, imefungwa. Selestina aliandika barua, akapiga simu, akapanda gari mpaka Musoma mara tatu. Mwishowe wakamkabidhi laptop kuu, ile inayoamua kipi kifunguliwe na kipi kifungwe, na inayoandika kila ukurasa uliofunguliwa, na laptop gani, saa ngapi. Yeye akafungua dunia. Akafunga uchafu na kubeti, ukurasa mmoja mmoja, ingawa kurasa za kubeti zinaota kama maduara, yale mashimo ya dhahabu kule kilimani: ukifukia moja, kesho kuna mawili pembeni.

Na kila mwanafunzi akasaini fomu: *Sitampa mtu mwingine yeyote laptop hii wala neno langu la siri.*

Sasa nikuambie laptop hizo zilifanya nini. Rashi ilipoanza, kidato cha tatu walikuwa sitini na wawili. Wiki mbili baadaye darasani walibaki kumi na tisa. Wengine wote kilimani. Selestina hakuita mgambo wala hakushika fimbo. Aliweka somo: mwamba wetu una nini ndani, na zebaki inamfanya nini mtu akivuta moshi wake. Wale kumi na tisa wakasoma kwenye laptop, jioni wakawasimulia ndugu zao. Vijana wakaanza kurudi wakiwa na vumbi kwenye kope, kuja kuangalia wenyewe kwenye kioo kama ni kweli mikono itaanza kutetemeka. Mwezi ulipoisha walikuwa arobaini na saba. Mimi nimeona viongozi wakija na maturubai na vipaza sauti kuwatoa watoto mashimoni, wakaondoka na picha. Huyu mama aliwatoa kwa kuwafungulia ukurasa.

Ndipo ikaja ripoti ya mradi. Mistari mitatu tu, imetumwa kwa mwenyekiti wa bodi ya shule: laptop namba kumi na saba, kurasa mia mbili na kumi na nne zisizofaa, yaani kubeti na picha za wanawake wasiovaa. Mwenyekiti ni mzee Magige, mwenye duka la saruji na mabati pale senta. Magige akawaka. Akaitisha mkutano wa wazazi Ijumaa, ajenda mbili: Bhoke afukuzwe, na laptop zote arobaini ziingie stoo.

Jumatano nilikuwa juu ya ngazi kwenye ofisi ya Selestina, nabadilisha waya wa sola ulioliwa na panya. Ndio, panya tena. Bhoke akaingia, akasimama, macho kwenye sakafu.

"Kaa," Selestina akamwambia. "Jumanne ya tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi, ulikuwa wapi?"

"Kwenye mtihani wa hesabu, mwalimu. Wewe ndiye ulikuwa unasimamia."

"Na laptop?"

"Nyumbani. Siku za mtihani haturuhusiwi kuja nazo."

"Kwa nani?"

Bhoke akakwaruza ukingo wa meza kwa ukucha.

"Bhoke, kwa nani?"

"Mwalimu, nifukuze tu."

"Nimekuuliza habari ya kufukuzwa mimi?"

Binti akavuta kamasi. "Sikumpa mtu mwingine," akasema. "Nilisoma fomu vizuri. Nilimpa tata."

Pale juu ya ngazi mimi nilielewa kabla ya mwalimu, kwa kuwa mimi ni Mkurya. Tata ni baba. Lakini kwetu, wanaume waliotahiriwa msimu mmoja na baba yako nao ni baba zako, wote. Rika la baba likifika nyumbani likasema leta maji, unaleta. Likisema leta kigoda, unatoa. Likisema leta hiyo kompyuta na utuambie inafunguliwaje, binti atasema nini? Atasema "mwingine yeyote"? Baba hawezi kuwa mwingine. Ungemuuliza mtoto yeyote wa Nyangoto kama amevunja fomu, angekuambia hapana, na asingekuwa anadanganya. Na kumtaja baba mbele ya watu kwa jambo la aibu, huyo binti angekubali kwanza kulala porini.

Nilipomweleza Selestina, alijipiga kofi kwenye paji la uso. "Miaka tisa niko hapa," akasema. "Fomu nimeiandika mimi. Kosa ni langu." Kisha akamshika Bhoke bega. "Nenda darasani. Usimtaje mtu. Hata mimi usinitajie."

Binti alipotoka, akanionyesha karatasi alizozitoa kwenye laptop kuu. Ripoti ya mradi ilikuwa mistari mitatu, lakini laptop kuu ilikuwa na kila kitu: tarehe, saa, ukurasa. Kwenye kurasa za kubeti kulikuwa na namba ya simu ya mtu aliyekuwa anaweka mikeka ya mpira. Niliisoma mara moja. Sikuhitaji mara ya pili. Namba hiyo imechorwa kwa rangi nyekundu, kila tarakimu urefu wa mkono, kwenye ukuta wa duka la saruji na mabati pale senta.

"Magige!" Nilishuka ngazi bila kugusa vipandio. "Mwenyekiti mwenyewe! Mwalimu, nipe hiyo karatasi. Nitaisoma sokoni. Nitaipeleka kwenye mnada wa ng'ombe, nisome juu ya gari!"

"Mniko, kaa chini."

"Anataka kumfukuza mtoto kwa uchafu wake!"

"Hajui kuwa ni wake. Anadhani alifungua kurasa tatu nne. Wazee wanadhani ukifunga kifuniko, inasahau. Hizo nyingine mia mbili anaamini kabisa ni za Bhoke."

"Basi aaibike ajue!"

Akazikusanya karatasi zake. Halafu akaniuliza, "Unamkumbuka baba yangu?"

Nani asiyemkumbuka Oduol? Miaka ya tisini, kabla hatujaondolewa kwenye maduara yetu, Oduol alikuwa mshika kamba. Kama hujui kazi hiyo, ni hivi. Mtu akishuka shimoni, anafungwa kamba. Juu anabaki mmoja ameishika, naye haachi kwa mvua wala kwa chakula. Anajua nani ameshuka, na nani, na wanakwenda upande gani. Mvuto mmoja, simama. Miwili, nipandishe. Mitatu, nipandishe sasa hivi na usiniulize kitu. Mwaka 1994 duara liliporomoka, na aliyekuwa chini alikuwa kijana mmoja mbishi anayeitwa Magige. Oduol alihisi mivuto mitatu, myepesi kama samaki anagusa ndoano. Akamtoa.

"Baba hakuwahi kumwambia mtu alimtoa Magige akiwa katika hali gani," Selestina akasema. "Wala alikuwa analia akiita jina la nani. Mama alimuuliza hadi uzeeni. Alikuwa anajibu, kazi yangu ni kumtoa mtu, kumtangaza siyo kazi yangu. Mimi nataka Bhoke abaki na laptop arobaini zibaki nje. Ukimvua Magige nguo hadharani, atazipiga marufuku ili tu ajifunike."

Sikukubali. Nakuambia ukweli, sikukubali. Nilikwenda nyumbani na hasira yangu nzima.

Ijumaa saa nane darasa lilijaa, wengine wakachungulia madirishani. Mzee Wangwe, baba wa Bhoke, alikaa kona ya nyuma, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi. Binti alisimama mlangoni na begi lake mgongoni, laptop ndani, tayari kuirudisha. Magige akafungua mkutano kwa sala ndefu, kisha akaanza.

"Mwalimu Akech, wewe ulichukua zizi ukang'oa mlango. Sasa fisi wameingia, unatuuliza sisi?"

Watu wakacheka. Mama mmoja akadakia, "Mimi na simu yangu ya batani nina amani!" Kicheko kikazidi. Mwanaume wa dirishani akapiga kelele, "Mama, amani yako ni kwamba hakuna anayekupigia!"

"Tulieni," Magige akasema, akifurahia. "Mtoto wa kike, kurasa mia mbili na kumi na nne. Sisi zamani tungeita ritongo, baraza la wazee, wakae, jambo likaisha siku moja. Mwalimu, una la kujitetea?"

Selestina alisimama na mfuko wa salfeti. Akatoa kamba ya katani, kuukuu, nyeusi kwa jasho, akaiweka mezani. Kisha akampa Magige karatasi.

"Shikamoo mwenyekiti. Sina utetezi. Naomba tu wazazi wasomewe kumbukumbu yenyewe, na anayefaa kuisoma ni wewe."

Magige akavaa miwani. Akasoma kwa sauti ya kanisani. "Laptop namba kumi na saba. Jumanne, tarehe kumi na nne. Saa nne na dakika kumi asubuhi. Mkeka wa mechi sita." Akatingisha kichwa kwa huzuni. "Mechi sita, wazazi wenzangu! Mtoto wa shule! Namba ya simu ya mchezaji: sifuri, saba, tano..."

Akasimama hapo.

Nilikuwa mstari wa pili. Niliuma ulimi mpaka nikaonja chumvi.

"Soma, baba, tunasikia!" yule mama wa simu ya batani akasema.

Magige hakusoma. Akaisogeza karatasi karibu na miwani, akaisogeza mbali.

"Maandishi ni madogo," Selestina akasema kwa upole. "Nisamehe, mwenyekiti." Akaichukua karatasi mkononi mwake, akaigeuza kifudifudi mezani, akaisukumia chini ya kamba.

Miaka thelathini nimepigana na watu wakubwa kwa mdomo na kwa barua. Sijawahi kuona pigo kama lile, na halikumgusa mtu.

"Saa nne asubuhi ya siku hiyo," akawaambia wazazi, "Bhoke alikuwa kwenye mtihani wa hesabu mbele yangu. Alipata tisini na moja. Laptop ilikuwa nyumbani, na aliyeitumia ni mtu mzima aliyeiomba kwa heshima, naye mtoto akaitoa kwa heshima, kama mlivyomfundisha. Nisiyekuwa na heshima ni mimi. Niliwashusha watoto arobaini kwenye shimo, juu sikuweka mshika kamba. Nilidhani fomu inatosha. Nani kati yenu angeshuka duara kwa kushikiliwa na karatasi?"

Hakuna aliyecheka. Nusu ya wanaume mle ndani walikuwa wametoka kilimani asubuhi ile.

Kule nyuma kiti kikalia. Mzee Wangwe alikuwa amesimama, kofia ameivua.

"Laptop niliitoa mimi," akasema. "Binti hana kosa. Nilimpa rika langu, na simtaji, msiniulize. Na mimi nilikaa pembeni yake nikaangalia."

"Uliangalia nini, mzee?" mtu wa dirishani akauliza.

"Mpira!" Wangwe akasema haraka mno, na darasa likapasuka kwa kicheko, hata Bhoke pale mlangoni akaficha uso kwenye mkono.

Magige hakucheka. Alikuwa ameishika ncha ya kamba, anapapasa fundo lililokuwa mwisho wake, fundo kubwa la kushikia kiunoni.

"Hii ni ya Oduol," akasema.

"Ni ya baba."

Akakaa. Akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko inavyohitaji kufutwa. Nilisubiri afunge mkutano akimbie. Nilijua angekimbia. Badala yake akainua kichwa.

"Mwalimu," akasema, "hiyo kamba kwenye kompyuta inafungwaje?"

Akamweleza, na alieleza mpaka jua likahama dirisha. Mtoto hashuki mtandaoni peke yake. Ana mwenzake, na kabla ya kufungua anasema anakwenda kutafuta nini. Nyumbani kuna mtu mzima mmoja aliyesaini kwa jina lake kuwa mshika kamba, na rika lake likija linamkuta yeye mlangoni, halimkuti mtoto. Kila Jumatatu kumbukumbu za laptop zinasomwa na wanafunzi wenyewe, wawili wawili. Na mtoto akiteleza kwenye ukurasa mchafu anagonga meza mara tatu. Mwenzake anafunga, mwalimu anaufungia ukurasa huo kwenye laptop kuu, na hakuna fimbo, hakuna swali.

"Hakuna swali?" Mwalimu Method akashangaa.

"Mvuto wa tatu, mkuu," Magige akamjibu kabla ya Selestina. "Huulizwi. Unatolewa kwanza."

Bhoke hakufukuzwa. Laptop hazikuingia stoo. Jumatatu mtu wa kwanza kufika ofisini kusaini kama mshika kamba alikuwa Magige, kwa ajili ya mjukuu wake. Mimi sijamsamehe, usije ukadhani nimelainika. Namba ile bado naiona kila nikipita senta. Lakini kama ningesoma ile karatasi mnadani, leo watu wangekuwa wanasimulia ya Magige na panya wangekuwa wanalala kwenye laptop. Mwezi wa pili wa kamba hiyo, kurasa chafu zilishuka mpaka saba, zote zimegongewa meza. Walimu walikuja kutoka Busawe, Serengeti kule, kuja kuona kamba, wakadhani ni programu ya kununua. Selestina akawaonyesha katani.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo ulipozoea kugeuza uso.

Jumatatu hii imekuja barua ya mradi. Meneja mpya, hajawahi kufika Nyangoto. Ameona zile kurasa mia mbili na kumi na nne za zamani, na hajauliza kilichofuata. Laptop zote zirudishwe stoo ifikapo Ijumaa saa sita, "mpaka utaratibu utakapotolewa". Mimi na Selestina tumemjibu. Meneja amesema atabadili mawazo wazazi na wanakijiji mia mbili wakisaini kwa majina yao kuwa wanashika kamba. Jana jioni tulikuwa na mia moja sitini na mbili. Bhoke anapita nyumba kwa nyumba na daftari, akitoka darasani, na juzi alipita kwako. Uliambiwa kuna binti mlangoni. Ukasema aambiwe umelala.

Inuka. Daftari liko mezani kwa Selestina, kalamu imefungwa kwa kipande cha kamba ya Oduol ili usiondoke nayo. Kama hukai Nyangoto, shule ya kata yako nayo ina stoo na stoo ina kufuli; nenda kaulize ndani kuna nini, na usitoke mpaka wakufungulie. Leo ni Alhamisi. Acha hiyo pikapu iende. Njoo usaini.